Kigoda Kati ya Otieno na Mama Mkwe Wake

Mkipita hapa kwangu Homa Bay mkanikuta nikimwagilia sukuma wiki, kofia ya mke wangu kichwani, hamtaamini kwamba zamani kidogo tu watu wazima walikuwa wakisimama na kuketi kwa filimbi yangu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi. Kwa miaka mingi nilizunguka Homa Bay na Migori na gunia la vifuniko vya soda, vikombe vya plastiki, raba za kufungia na saa ya kupimia, nikiwafundisha wafanyakazi kupunguza upotevu wa muda, nguvu na mali, na nikiwafundisha kwa michezo. Wasomi wanaiita kaizen. Mke wangu aliiita kazi ya kulipwa kwa kucheza, nami hadi nastaafu sikupata jibu la kumnyamazisha.

Nyinyi vijana mnaoifanya kazi hii sasa mna tableti na vidude vinavyochora grafu vyenyewe, na mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Nimejaribu kukumbuka mafanikio. Yanakuja machache, tena yamechoka. Makosa ndiyo yanayokuja mbio, kwa hiyo nitaandika hayo.

Nilianzia bekari, mjini Migori, kwa Bwana Salim, mtu wa Mombasa aliyekuja kufanya biashara akakaa mpaka watu wakasahau kwamba ni mgeni. Alinifanya msimamizi nikiwa bado kijana, nami nikaamini kusimamia ni kupiga kelele. Asubuhi moja mikate iliungua mara ya tatu wiki hiyo, nikamkaripia mzee wa tanuri hadi sauti ikanikauka. Bwana Salim alichota unga kwa kiganja, akachora duara sakafuni karibu na tanuri, akaniambia niingie humo nisimame mpaka atakaporudi kutoka kuswali adhuhuri, na nisifungue mdomo.

Saa ya kwanza nilihesabu jinsi nitakavyoacha kazi. Saa ya pili, kwa kukosa la kufanya, nikaanza kutazama. Mzee wa tanuri alikuwa kila mara anaacha moto na kuvuka ua kwenda stoo kuchukua trei, na mikate ilikuwa inaungua akiwa njiani. Trei zilikuwa stoo kwa sababu mimi ndiye niliyeamuru zihamishwe, ili bekari ipendeze wageni wakija. Bwana Salim aliporudi aliniuliza nimemwona nani anayeunguza mikate. Nikasema ni mimi. Akanipa ufagio nizoe unga wake.

Mngedhani mtu aliyefundishwa hivyo akiwa kijana amepona maisha yake yote. Mimi nilihitaji dozi nyingine, tena na tena.

Kule Masara, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, nilipeleka mchezo wa kupanga mahali pa kazi. Ni timu mbili, na kila timu inaondoa eneoni mwake kila kitu kisichohitajika. Sheria yangu ilikuwa kwamba kisichoguswa kwa wiki nzima kiondoke. Timu ya wanawake ilishinda kwa mbali. Walihamisha hata lundo kubwa la mchanga uliokwisha kuoshwa, wakalimwaga ng'ambo ya barabara, mimi nikiwapigia makofi. Kisha mwenye lundo akarudi kutoka sokoni. Ndipo nilipoelezwa, kwa sauti ambayo sijaisahau, kwamba mchanga uliooshwa mara ya kwanza bado una dhahabu ndani, na unawekwa hadi ujaze lori uuzwe. Niliurudisha kwa karai, kichwani, hadi jioni, na wale washindi wakanipimia muda kwa saa yangu mwenyewe. Nilipowauliza mbona hawakunieleza, walisema walidhani mwalimu anajua.

Lishikeni hilo neno, maana nililisikia tena.

Kabla ya hapo niwape ushauri mmoja wa bure. Katika mchezo wa vikombe tumieni vifuniko vya soda. Msitumie njugu. Mimi nilitumia njugu karanga mara moja, tena zilizokaangwa, na raundi ya pili ilikwama kwa sababu washiriki walikuwa wamekula malighafi.

Sasa nifike Muhuru Bay, kwenye kosa ambalo nikilikumbuka hata leo huacha kumwagilia nikasimama tu na kopo mkononi.

Kulikuwa na banda la kufungasha omena, wale dagaa wa ziwa, lililoanzishwa na kikundi cha akina mama kisha likakua hadi likaajiri meneja. Omena waliokauka waliingia kwa magunia, wakachaguliwa, wakatiwa kwenye mifuko midogo. Mifuko ilizibwa kwa mashine ya moto, ikapimwa kwenye mizani, ikabandikwa lebo, ikaingia katoni. Mashine ya kuziba ilikuwa ya Otieno, mtu wa makamo, mpole, baba wa watoto watatu. Mizani ilikuwa ya Mama Peres, mjane, mmoja wa wale walioanzisha kikundi. Meneja, Bi Wanjiru, alikuwa mzaliwa wa Nyeri, mchapakazi, na alikuwa hajamaliza mwaka pale.

Mara ya kwanza nilipofika nilikuta mashine ya Otieno kwenye mlango wa upande wa ziwa na mizani ya Mama Peres kwenye mlango wa upande wa barabara. Katikati alipita msichana mmoja siku nzima, amebeba mifuko kwenye karai. Nilifurahi sana. Mtu wa kazi yetu akiona mwenzake anatembea bure hufurahi, kwa sababu amepata cha kuandika. Siku hiyo hiyo nikaihamisha mashine na mizani zikakaa ubavu kwa ubavu, meza moja, na yule msichana nikampeleka kwenye kuchagua. Nikapiga picha ya kabla na ya baada. Kwenye ripoti niliandika kwamba nimefuta hatua zisizo na faida.

Wiki mbili baadaye Bi Wanjiru alinipigia simu. Mifuko ilikuwa inarundikana kwa Otieno. Mtu aliyekuwa hodari sasa anaziba mifuko minne mitano, anaisukuma pembeni, anatoka nje kuangalia mawingu. Lori la mnunuzi lilikuwa limeondoka nusu tupu, na mnunuzi amesema likiondoka hivyo tena atahamia banda lingine. Nilimwambia asimgombeze mtu. Ningekuja na mchezo, na mchezo ungetuonyesha kidonda kilipo.

Mchezo wa vikombe mnaujua. Watu watano kwenye benchi. Wa kwanza anatia vifuniko vitano kwenye kikombe, wa pili anakifunika karatasi, wa tatu anakifunga raba, wa nne anapiga muhuri, wa tano anapanga kwenye katoni. Raundi ya kwanza kila mmoja anamaliza vikombe kumi ndipo anampitishia mwenzake. Raundi ya pili kikombe kinapita kimoja kimoja, kutoka mkono hadi mkono, na kuweka chini ni marufuku. Raundi ya pili hushinda siku zote. Nilikuwa nimeshamwambia Bi Wanjiru matokeo kabla sijafungua gunia.

Niliwaketisha kwa mpangilio wa kazi zao, Otieno wa tatu, Mama Peres wa nne, bega kwa bega. Mama mmoja nyuma yangu akaanza kusema, "Mwalimu, hao wawili…" Nikapuliza filimbi. Nikamwambia maoni ni baadaye, tutakuwa na muda wa maswali. Otieno aliketi ukingoni kabisa mwa benchi, amegeukia upande mwingine. Nikamrekebisha mabega kwa mikono yangu miwili.

Raundi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilianza, vikombe vikafika kwa Otieno, vikafia hapo. Alifunga raba vizuri tu, kisha kikombe kikabaki mkononi. Akakiweka mapajani. Cha pili nacho mapajani. Mama Peres alipoinama kurekebisha kiatu, Otieno alikitua kikombe nyuma ya mgongo wake kwenye benchi, akaangalia paa. Mama Peres akakipapasa bila kugeuka. Mimi nilikuwa nazunguka na saa yangu nikimwambia mkononi, Otieno, mkononi, mbona rahisi. Watu waliokuwa wakicheka walinyamaza kimya. Nilidhani wamenyamaza kwa sababu somo linaingia.

Raundi ya pili ilichukua muda kuliko ya kwanza. Haikuwa imewahi kutokea, na badala ya kujiuliza kwa nini, niliona aibu mbele ya meneja. Nilikuwa na kadi nyekundu ya manila yenye uzi, nimeiandika kwa herufi kubwa HAPA KAZI IMELALA. Huvalishwa mtu ambaye vikombe vimerundikana kwake, watu wanacheka, yeye mwenyewe anacheka, tunaendelea. Nikamvalisha Otieno. Hakuna aliyecheka. Yeye aliinamisha kichwa ili uzi upite vizuri, na mimi bado naiona ile shingo imeinama.

Jioni Bi Wanjiru alisema ameona kwa macho yake. Kesho angemwandikia Otieno barua, amlipe siku zake, atafute mtu mwingine, maana lori lilikuwa linarudi Ijumaa. Sikumpinga. Niliona hata mchezo umefanya kazi.

Asubuhi nilikuwa kwenye kibanda cha chai karibu na stendi nilipomwona Mama Peres amesimama nje, leso imefungwa vizuri, kama mtu anayekwenda ofisini. Nilimkaribisha akakataa kuketi. Alinisemesha kwa Kiswahili. Sisi wote wawili ni Wajaluo, na tulikuwa peke yetu, kwa hiyo nilielewa mara moja kwamba ananihesabu miongoni mwa wageni na watu wa serikali.

"Mwalimu, wewe umeoa?"

Nilisema nimeoa.

"Umeoa wapi?"

"Lambwe, mama."

"Na mama ya bibi yako bado ako?"

"Ako."

"Ulimsalimia na mkono lini?"

Niliweka kikombe chini. Sijawahi kumpa mama mkwe wangu mkono, na wengi wenu mnajua kwa nini, kwamba kwa Wajaluo mkwe hamgusi mama wa mke wake, hata kama nyinyi wa siku hizi mnawakumbatia wa kwenu na kupiga nao picha. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, nikipeleka sukari Lambwe, nampa mke wangu, naye anampa mama yake. Tukikutana njiani mimi na mama mkwe, mimi huingia kwenye nyasi apite. Na mimi huyu huyu nilimbandika mtu ubavuni mwa mama wa mke wake, nikamrekebisha mabega, nikamwamuru kwa filimbi amshike mkono mbele ya watu.

Mama Peres alikuwa akinitazama nikifika polepole mahali ambapo banda zima lilikuwa limefika jana. Nilimuuliza mbona hakuna aliyeniambia. Akasema, "Tulijua unajua. Si wewe ni wa hapa?" Kisha akasema lililomleta. "Bibi ya Otieno ni msichana wangu. Wajukuu wangu wanakula hiyo mashine. Leo akifutwa, watu watasema ni mimi nilimkalia kazi, na mimi siwezi hata kumuomba msamaha."

Nililipia chai nikaiacha.

Nilimkuta Bi Wanjiru na barua tayari mezani, na Otieno mlangoni amekuja kuchukua siku zake. Niliomba saa moja tu. Nikaokota kipande cha chaki, nikajichorea duara kando ya meza niliyoipanga mwenyewe, nikaingia humo na filimbi mfukoni. Otieno aliwasha mashine. Akaziba mifuko minne, akaisukuma kwenye kona ya meza, akatoka nje kuangalia mawingu. Alipokwisha kutoka, Mama Peres akasogea, akaichukua, akaipima. Otieno alichungulia, akaona kona ni tupu, akarudi, na Mama Peres akajivuta nyuma hadi ukutani. Hakukuwa na mvivu pale. Walikuwa wanapishana tu, watu wawili wenye adabu zao, na kila kupishana kulikula dakika.

Na yule msichana wa karai hakuwa upotevu hata kidogo. Alikuwa akibeba heshima ya watu wawili kutoka mlango mmoja hadi mwingine, nami nilimwandika kwenye ripoti kuwa ni hatua zisizo na faida.

Nilimweleza Bi Wanjiru desturi yenyewe. Alisikiliza, akaniuliza swali moja tu, kama mimi ni mtu wa huku kweli. Nikasema ndiyo, kwa bahati mbaya. Basi tukaacha kupanga sisi, tukawauliza wao, mmoja mmoja, kila mmoja akiwa mbali na mwenzake. Otieno alisema kigoda kingetosha. Mama Peres alituma mjukuu kukileta nyumbani kwake, kigoda cha miguu mitatu, kidogo, hakiwezi kubeba zaidi ya mifuko miwili. Meza tukaitenganisha. Kigoda kikakaa katikati.

Otieno alikuwa anaweka mfuko kigodani, anageukia mashine yake. Hakuweka mwingine mpaka wa kwanza uchukuliwe, kwa sababu kumrundikia mama mkwe kazi ni kumharakisha, na hilo hawezi. Mama Peres naye hakuuacha mfuko ukae, kwa sababu mkwe kusimama na mfuko mkononi akimngojea yeye ni aibu. Kila mmoja alikuwa akimwangalia mwenzake bila kumwangalia. Mifuko ikapita mmoja mmoja, hakuna lundo, hakuna aliyekwenda kutazama mawingu. Kabla ya chakula cha mchana meza nyingine zilikuwa zinaomba vigoda vyao.

Niwaambie ukweli, jambo hilo nilikuwa nimelifundisha miaka mingi kwa mchoro ubaoni. Weka nafasi ndogo kati ya wafanyakazi wawili, ikiwa tupu ni ruhusa ya kufanya kazi, ikijaa ni amri ya kungoja. Mchoro ulitoka kwenye kitabu, una mishale mingi, na hakuna darasa lililowahi kuuelewa. Siku nyingine hata mimi sikuuelewa. Muhuru Bay walikuwa nao nyumbani kwao, na mimi niliuvunja kisha nikawatoza ada ya kuwafundisha.

Bi Wanjiru aliichana barua mwenyewe. Ijumaa lori liliondoka limejaa hadi turubai likagoma kufunga. Kabla sijaondoka niliwakusanya watu, nikasema mbele yao kwamba aliyechelewesha kazi ni mimi, tangu siku nilipohamisha meza, nikaivaa ile kadi nyekundu shingoni. Hapo ndipo walipocheka. Mama Peres aliziba mdomo na leso, mabega yakimtikisika.

Otieno nilimwomba radhi kando. Alifikiri kidogo, akasema, "Mimi ulinionea tu, Mwalimu, hiyo inaisha. Lakini ulinionea mbele ya maro." Maro kwetu ni mama mkwe. Alinipa mkono, nami nikaupokea kwa mikono miwili. Mama Peres aliniaga kutoka mbali, safari hii kwa Kijaluo. "Oriti, japuonj," alisema, yaani kwaheri mwalimu, na nilitembea hadi stendi nikiwa nimefarijika kuliko ninavyostahili.

Kwa hiyo mkiingia mahali pa kazi, kabla hamjagusa meza, ulizeni nani ni nani kwa nani, nani ameoa kwa nani, na nani hasemi na nani. Msiulize meneja. Ulizeni yule mama wa nyuma anayetaka kusema kitu, na filimbi muiache mfukoni.

Mwezi uliofuata tulikwenda Lambwe, mimi na mke wangu, na sukari yetu kama kawaida. Niliketi uani mahali pangu pa siku zote, mgongo kwa jiko. Kulikuwa na kigoda pale, nami sijui kilichonishika, badala ya kumpa mke wangu sukari nikaiweka juu ya kigoda, nikageuka kutazama ng'ombe. Niliposikia nyayo sikugeuka. Nilipogeuka baadaye, sukari haikuwepo.

Nilijiona nimefanya jambo la busara sana. Kisha mke wangu akatoka jikoni akiwa anajizuia kucheka, akashindwa. Wachuuzi wa omena wanafika kila soko, na walikuwa wamefika Lambwe na habari zangu kabla yangu.

"Mama anauliza," alisema, "kama umekuja na ile kadi."

Nilikuwa nayo. Siku hizo nilitembea nayo kwenye mfuko wa shati, ili nisisahau. Nikaitoa, nikaiweka juu ya kigoda kwa heshima zote, maandishi yakiwa juu, nikageukia ng'ombe. Nyayo zikaja, zikasimama kitambo, zikarudi. Kutoka jikoni kikasikika kicheko cha bibi mzee, kirefu, ambacho kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwa nimewahi kukisikia.

Kigoda kilikuwa tupu. Kadi hiyo mama mkwe hajairudisha mpaka leo, nami kuanzia siku hiyo nilifundisha bila kadi.